Mjomba, Mwanaidi ajifungulie hukohuko Tanga

Mjomba, shikamoo. Ijumaa uliniuliza mambo mawili kwenye simu nikakujibu kwa mkato, maana nilikuwa kazini. La kwanza, kama kweli rais wa huku Marekani, Trump, amefuta uraia wa watoto wa wageni wanaozaliwa hapa. La pili, kama hajafuta, kwa nini Mwanaidi asije kwa viza ya matembezi ajifungulie hapa Toledo, jimbo la Ohio, mtoto apate pasipoti.

Amri ameisaini kweli, Januari 20, 2025, siku ileile aliyoapishwa. Inasema mtoto si raia ikiwa mama hana kibali au yuko kwa viza ya muda, na baba si raia wala mkaazi wa kudumu. Ndiyo sisi hao: mimi nina viza ya kazi, mke wangu yuko chini ya viza yangu.

Lakini amri haifuti katiba. Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, yaliwekwa ili watumwa walioachwa huru wasinyimwe uraia. Yanasema aliyezaliwa hapa, akiwa chini ya mamlaka ya nchi, ni raia. Ugomvi uko kwenye hayo maneno "chini ya mamlaka". Wanaoipinga amri wanamtaja Wong Kim Ark, mzaliwa wa San Francisco, wazazi wake Wachina. Mwaka 1895 alirudi kutoka China akazuiwa kuingia, na 1898 Mahakama ya Juu ikaamua kuwa ni raia. Serikali inajibu kwamba wazazi wa Wong walikuwa na makazi ya kudumu hapa, si wapita njia. Mimi si mwanasheria, ila hoja hiyo naiona nyembamba.

Sasa sikiliza kilichotutoa jasho. Majaji wa chini walikuwa wameizuia amri nchi nzima. Juni 27, 2025 Mahakama ya Juu, majaji sita kwa watatu, ikasema jaji mmoja hana uwezo wa kuizuia amri hata kwa watu wasiokuwa kwenye kesi. Kuhusu uraia wenyewe haikugusa. Majimbo 22 yalikuwa yameshtaki, tukahofu kinga itabaki kwa hayo tu. Michigan imo, Ohio yetu haimo. Na Michigan kutoka hapa ni mwendo mfupi tu wa gari! Wakati huo mke wangu ana mimba ya miezi saba, tunakaa jikoni usiku tunaulizana kama akishikwa na uchungu tuvuke mpaka, na bima italipa au hailipi. Mnatuona kwenye picha na makoti, mnadhani tumetulia.

Julai 10 jaji wa New Hampshire, Joseph Laplante, akaikubali kesi ya pamoja kwa niaba ya watoto wote wanaoguswa, akaizuia amri upya. Mtoto akazaliwa Septemba hapahapa Ohio, pasipoti anayo. Ila Desemba 2025 Mahakama ya Juu ilikubali kusikiliza hoja yenyewe ya uraia, kwa hiyo neno la mwisho ni la majaji wake tisa, ambao huku hukaa kitini hadi wafe au wachoke wenyewe.

Kuhusu Mwanaidi, hapana. Tangu 2020 ofisa wa viza ana kanuni ya kumkatalia anayekuja hasa kuzaa ili mtoto apate uraia, na akidanganya ndiyo kajifungia mlango. Hospitali atalipa mwenyewe, na bili za huku shamba la minazi halizimalizi. Msidhani pia mtoto atawavuta wazazi: hawezi kuwaombea ukaazi mpaka afike miaka 21. Kabla ya hapo, akifika 18, sheria yetu itamtaka achague, maana Tanzania haina uraia pacha.

Aende hospitali ya Bombo hapo Tanga, shangazi awe karibu. Mke wangu alipojifungua hakuwa na mtu wa kumpikia uji wa pilipili manga. Niliupika mimi, ukatoka mabonge, akaunywa hivyohivyo huku analia.