Megola: pikipiki yenye injini ndani ya gurudumu la mbele

Wiki iliyopita niliitaja kwa kifupi Megola, pikipiki iliyoundwa Munich, Ujerumani, kuanzia 1921 hadi 1925. Haya maswali yenu.

Injini inakaaje ndani ya gurudumu linalozunguka?

Inazunguka nalo. Silinda 5, jumla CC 640, zimepangwa kama nyota kuizunguka ekseli, katikati ya spoki. Fritz Cockerell, aliyeibuni, aliweka gia ndogo kitovuni ili shafti ya ndani ya injini izunguke mara kadhaa kila gurudumu, pamoja na silinda zake, likizunguka mara 1. Basi. Hakuna mnyororo, hakuna giaboksi, hakuna klachi (kifaa cha kuitenganisha injini na gurudumu kwa muda). Nguvu yake ni farasi 14 hivi, na kwa kuwa silinda zenyewe zinakata upepo, hazichemki ovyo. Mafuta unayapampu kwa mkono kutoka tangi kuu hadi kitangi kilicho kando ya ekseli.

Bila klachi, foleni mtu anasimamaje?

Hasimami! Gurudumu likisimama, injini imezima. Kuiwasha tena, ama uisukume mpaka ishike, ama uiweke kwenye stendi na kulizungusha gurudumu la mbele kwa mkono. Ndiyo maana dereva aliyekuta njia imefungwa aliona heri azungukezunguke hapohapo mpaka ifunguke. Kwa mjini ni adhabu.

Pancha je? Tyubu inatokaje na silinda zote zile?

Hapa ndipo ninapompenda mbunifu huyu. Tyubu ya mbele haikuwa duara lililofungwa, bali ndefu kama soseji, ncha zote mbili zimezibwa. Unaitoa tairini pembeni, unapenyeza nyingine, unajaza upepo, gurudumu likiwa palepale. Hugusi nati hata moja ya injini. Kwa fundi aliyewahi kushusha gurudumu zito akiwa peke yake njiani, hiyo ni akili ya hali ya juu.

Uzito wote mbele, haikuangusha watu?

Injini iko chini, usawa wa ekseli, kwa hiyo pikipiki ilitulia barabarani. Mwaka 1924 mwendeshaji Toni Bauhofer alitwaa nayo ubingwa wa mbio za pikipiki wa Ujerumani.

Mbona ilikufa?

Zilitoka takriban 2,000 tu. Mfumuko wa bei wa 1923 uliwaumiza wanunuzi, na mwaka huohuo, Munich hiyohiyo, BMW wakaleta pikipiki yao R32: shafti badala ya mnyororo, klachi, gia 3. Ilikuwa na nguvu ndogo kuliko Megola, lakini ilisimama bila kuzima.

Pikipiki za umeme zenye mota gurudumuni zimeiga hapa?

Sidhani. Kampuni ya Lohner na mhandisi Ferdinand Porsche walishaweka mota za umeme kwenye magurudumu ya gari mwaka 1900. Isitoshe, mota ya umeme inavuta tangu ikiwa imesimama, haihitaji klachi. Ya petroli lazima iwe inazunguka kwanza ndipo ivute.