Gavana mpya ameingia. Je, ninaweza kufutwa kwa ujumbe wa simu?

SWALI: Mhariri, mimi ni afisa wa kilimo niliyeajiriwa na kaunti moja ya magharibi mwa Kenya mwaka 2016, kwa masharti ya kudumu yenye pensheni. Baada ya uchaguzi, waziri wetu wa kaunti aliondolewa, nami nikapokea ujumbe wa simu: “Usifike kazini hadi utakapoarifiwa.” Mwisho wa mwezi mshahara haukuingia. Je, ni halali?

JIBU: Si halali. Wewe na waziri wako mlihudumu katika idara moja, lakini hamkuwa na kinga moja. Waziri wa kaunti huteuliwa na gavana, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inamruhusu gavana kumwachisha anapoona inafaa. Wewe uliajiriwa na Bodi ya Utumishi wa Umma ya Kaunti, nayo ndiyo yenye mamlaka ya kukuadhibu. Aidha, Kifungu cha 236 cha Katiba kinakataza afisa wa umma kufutwa au kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria kufuatwa, na Sheria ya Ajira ya 2007 inataka uelezwe kosa lako kwa lugha unayoielewa, ukiwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama, kisha usikilizwe. Ujumbe usiotaja kosa wala aliyeamua, kwa maoni yangu, haufikii hata hadhi ya barua ya onyo.

Mwandikie katibu wa Bodi, uambatishe barua ya kuajiriwa, ya kuthibitishwa kazini na picha ya ujumbe huo, na usiondoke masijala kabla nakala yako haijagongwa muhuri wenye tarehe. Bodi ikishikilia uamuzi huo, kata rufaa kwa maandishi kwa Tume ya Utumishi wa Umma ndani ya siku 90. Wengi hukimbilia mahakamani kwanza na kesi zao kutupwa, kwa kuwa Sheria ya Tume hiyo ya 2017 inataka rufaa itangulie.

Hata hivyo, ajira ya kudumu haimaanishi kwamba nafasi yako haiwezi kufutwa. Kaunti inaweza kupunguza wafanyakazi, ila kwa notisi isiyopungua mwezi mmoja na malipo ya angalau siku 15 kwa kila mwaka uliokamilisha.