Kabla hujafundisha ukutubi, kahudumie watu kwanza

Kila matokeo ya kidato cha sita yakitoka, wanakuja vijana kuniuliza kuhusu ukutubi, yaani taaluma ya maktaba: "Mwalimu, nikisoma ukutubi nitaweza kufundisha chuo?" Utaweza. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekunyima jambo ambalo mimi nililipata kwa kuchelewa.

Njia yenyewe inaelezeka. Kwa cheti cha kidato cha nne unaweza kuanzia Bagamoyo, kwenye chuo kilicho chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, ukasoma astashahada kisha stashahada. Shahada ipo Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kwingineko. Ukitaka kufundisha wanafunzi wa shahada, lazima ufike uzamili, na GPA, yaani wastani wa alama zako, ichunge tangu muhula wa kwanza, usije ukashtuka mwaka wa tatu.

Ila usikimbilie chaki. Tafuta kwanza miaka miwili mitatu ya kukaa dawatini, ukihudumia wasomaji.

Mimi nilianzia maktaba ndogo hapa Mtwara mjini. Siku moja akaingia mzee kutoka upande wa Nanyamba.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Nataka kitabu cha korosho."

Nilifurahi, maana namba nilikuwa nayo kichwani: 634.573, mikorosho katika mfumo wa Dewey wa kupanga vitabu kwa namba. Nikamletea vitabu viwili, kimoja cha Kiingereza, kingine kimejaa majedwali ya biashara. Akavifunua taratibu, akakaa kama robo saa, akanirudishia kwa mikono miwili. "Ahsante mwanangu." Akaondoka.

Wiki iliyofuata alirudi, safari hii ana kitawi amekifunga kwenye gazeti. Maua yake yalikuwa na unga mweupe, kama yamemwagiwa majivu. Ubwiri unga, ugonjwa wa mikorosho. Alichotaka kujua ni kimoja tu: apulize salfa sasa, au ameshachelewa?

Jibu lilikuwa ndani ya boksi chini ya meza yangu. Vipeperushi vya kituo cha utafiti cha Naliendele, vimeandikwa kwa Kiswahili chepesi, ambavyo hatukuwa tumeviorodhesha kwa kuwa havina jalada wala ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu. Salfa ni kinga zaidi kuliko tiba. Inatakiwa iwahi kabla ugonjwa haujatapakaa kwenye maua. Nilimsomea mstari kwa mstari, naye akawa anarudia kila sentensi kwa sauti ya chini ili asisahau. Iliniuma sana. Wiki nzima ilikuwa imepita, na kwa mkorosho ulio kwenye maua, wiki ni hasara.

Laiti siku ile ya kwanza ningemwuliza tu, "Mzee, korosho zimefanya nini?"

Melvil Dewey alitupatia mfumo wake mwaka 1876 na bado ninaufundisha kwa moyo wote, kwa sababu bila mpangilio kitabu kimepotea hata kama kipo. Lakini namba haimwulizi mtu kilichomleta. Kwa hiyo darasani kwangu wiki ya kwanza hatufungui kitabu cha kiada. Nawatuma wanafunzi feri, stendi, sokoni, kila mmoja arudi na maswali matatu ya watu, yaandikwe vilevile yalivyosemwa. Kisha tunatafuta jibu la kila swali linakaa wapi: kitabuni, kwenye kipeperushi, ofisi ya kata, au kwa bibi mmoja tu kule Newala. Mwaka mmoja mwanafunzi alileta swali la mama lishe aliyetaka kujua leseni inatolewa ofisi gani na aende na karatasi zipi. Lilituchukua siku mbili. Hapo ndipo wengi walipoelewa kazi waliyoichagua.

Mengine utajifunza ukiwa kazini. Jifunze Koha mapema, ni programu ya bure ya kuendeshea maktaba na unaweza kuifanyia mazoezi kwenye kompyuta ya kawaida. Na huku kwetu mvua za Novemba hadi Aprili huleta ukungu kwenye vitabu, basi usiegemeze rafu ukutani, acha hewa ipite nyuma ya vitabu.

Kama uko Mtwara, Lindi au Masasi na unasubiri kujiunga na chuo, nenda maktaba iliyo karibu nawe ukaombe kujitolea dawatini. Beba daftari. Kila anayekuja, andika swali lake kwa maneno yake mwenyewe, na pembeni yake andika kama aliondoka na jibu.