Usimwachishe ziwa kisa anaharisha
Dada uliyeuliza kama umwachishe ziwa mtoto wako wa miezi 8 kwa sababu anaharisha, hapana usimwachishe, hayo maneno ya bibi kwamba maziwa ndo yanamharisha achana nayo, mnyonyeshe tena zaidi ya kawaida usiku na mchana. Nenda duka la dawa chukua ORS (ile chumvichumvi ya kukoroga na maji, inarudisha maji mwilini) na zinki. Ile pakiti soma nyuma, nyingi ni za lita 1, koroga yote kwa kiasi hicho cha maji yaliyochemshwa yakapoa, sio nusu kwa kikombe kama wengi wanavyofanya, na ikipita masaa 24 mwaga. Kila akiharisha mpe kama robo au nusu kikombe, kwa kijiko taratibu, akitapika subiri dakika 10 endelea. Zinki ya 20 mg kidonge kimoja kwa siku kwa siku 10 hadi 14, unakiyeyusha kwenye kijiko cha maziwa yako, hata kama kuharisha kumekata malizia. Uji na ndizi ya kuponda mpe kidogo kidogo, soda na juisi hapana, na flajili (Flagyl, dawa ya kuua vijidudu) za kujinunulia pia hapana jamani. Ukiona damu, macho yamezama, hanyonyi au amelegea, hospitali sasa hivi.