Pafu Limeporomoka Mara Mbili, na Makohozi Hayana Vimelea vya Kifua Kikuu

SWALI: Daktari, nina umri wa miaka 34 na sijawahi kuvuta sigara. Kwa miaka mitatu nimekuwa nikiishiwa pumzi nipandapo ngazi. Niliambiwa ni pumu, kisha nikapewa dawa za kifua kikuu kwa miezi sita ingawa makohozi hayakuonyesha vimelea. Tangu mwaka jana pafu la kulia limeporomoka mara mbili nikawekewa mpira wa kutoa hewa. Sasa kipimo cha CT kimeonyesha matundu mengi, daktari ametaja ugonjwa uitwao LAM, na anataka nifanyiwe upasuaji ili wakate kinyama cha pafu cha kupima. Je, ni lazima? Je, ugonjwa huu una dawa?
Msomaji, Morogoro

JIBU: Dada yangu, pole sana, hasa kwa miezi sita ya dawa ambazo huenda hukuzihitaji. LAM, yaani limfanjioleiomayomatosisi, ni ugonjwa adimu unaowapata karibu wanawake peke yao, wengi wao wakiwa katika umri wa kuzaa. Chembe zinazofanana na za misuli laini huota ndani ya mapafu na kuacha vifuko vya hewa, na kifuko kilicho ukingoni kikipasuka, hewa huvujia kifuani na pafu huporomoka.

Matundu ya kifua kikuu kwa kawaida hukaa sehemu ya juu ya pafu, yakiwa na kuta nene na makovu pembeni. Ya LAM ni ya duara, yana kuta nyembamba, nayo yametapakaa juu hadi chini katika mapafu yote mawili, kama ndani ya kitumbua kilichoumuka vizuri.

Ikiwa picha yako iko hivyo, usikubali kisu kabla ya mambo mawili. Kwanza, upigwe picha ya tumbo kutafuta uvimbe wa mafuta na mishipa ya damu kwenye figo, kwa sababu ukionekana, utambuzi umekamilika. Pili, iwapo hospitali yenu ina njia ya kupeleka damu kwenye maabara husika, ipimwe protini iitwayo VEGF-D. Ikifikia pikogramu 800 kwa mililita pamoja na picha ya namna hiyo, hakuna haja ya kukata pafu. Mweleze pia daktari kama una historia ya kifafa au vipele vigumu usoni tangu utotoni, kwani wakati mwingine LAM huandamana na ugonjwa wa kurithi wenye dalili hizo.

Dawa ipo, nayo ni sirolimusi, inayotumiwa pia na waliopandikizwa figo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba waliotumia dawa hiyo kwa mwaka mmoja hawakuendelea kupoteza nguvu za mapafu kama wenzao, ila walipoiacha, mapafu yalianza tena kudhoofika. Kwa hiyo inazuia, haiponyi. Inaweza kuleta vidonda mdomoni na kupandisha lehemu, tena haifai wakati wa ujauzito. Jambo ninalolisisitiza kwa nchi yetu ni kwamba rifampisini, iliyomo katika dawa za kifua kikuu, hushusha sana kiwango cha sirolimusi mwilini, hivyo asikuanzishie mtu dawa za kifua kikuu tena bila vipimo vya makohozi.

Epuka vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, na ukitamani mtoto, zungumza na daktari wa mapafu kabla ya kushika mimba, kwani ujauzito huongeza hatari ya pafu kuporomoka. Kwa kuwa lako limeporomoka mara mbili, uliza kuhusu kuligandisha na ukuta wa kifua. Ningependa lifanyike sasa, kabla ya mara ya tatu. Ukichomwa ghafla upande mmoja wa kifua na pumzi kukatika, nenda hospitali saa hiyo hiyo, hata kama ni usiku.