Kifaa changu cha kuigiza kitumie namba gani ya PCI?

Swali: Naandika kifaa cha kuigiza ndani ya QEMU (programu inayoigiza kompyuta nzima, yaani mashine pepe), kadi ndogo ya kupima joto kwa ajili ya kufundishia. Namba yake ya PCI, mfumo wa kuunganisha kadi na kompyuta, nimeipa 8086:100e kwa kuwa niliiona kwenye mfano fulani. Sasa Linux iliyo ndani ya mashine pepe inaikabidhi kwa draiva (programu ya kuendesha kifaa) ya e1000, kisha inalalamika. Nichague namba gani?

Jibu: Linux haina kosa, ndugu yangu. 8086 ni Intel, 100e ni kadi yao ya mtandao, na e1000 ndiyo draiva yake. Kerneli, yaani kiini cha Linux, husoma namba mbili za biti 16, ya mtengenezaji na ya kifaa, ikazitafuta kwenye orodha za draiva. Inayolingana ndiyo inayokabidhiwa. Hapo draiva inakwenda moja kwa moja kwenye rejista za Intel (nafasi ndani ya kadi za kuandikia amri na kusomea majibu), ambazo kadi yako haina. Ukichukua namba ya kifaa cha watu, uige na tabia zake zote. Kama huwezi, iache.

Kwa kazi yako tumia yoyote kuanzia 1af4:10f0 hadi 1af4:10ff. Namba ya mtengenezaji hapo ni ya kampuni ya Red Hat, na QEMU imezitenga hizo 16 kwa majaribio, uzitumie bila kuomba ruhusa. Virtio, familia ya vifaa vilivyobuniwa kwa ajili ya mashine pepe, nayo iko chini ya 1af4, lakini usihofu: draiva yake kwenye Linux inashughulika na 1000 hadi 107f tu, nyingine inaziacha.

Namba ya mtengenezaji 1234 isikuvutie kwa wepesi wa kukumbukwa. 1234:1111 ni VGA (kadi ya skrini) ya QEMU, na 1234:11e8 ni kifaa cha edu (msimbo wake usome, umeandikwa kwa wanaojifunza, kama wanafunzi wako). Ffff usiiguse kabisa, maana ndilo jibu linalorudi pale pasipo na kifaa chochote.

Namba za majaribio hazitoki maabara. Ukitaka kadi yako iingizwe rasmi QEMU, waombe namba chini ya 1b36, namba nyingine ya Red Hat. Ukiifanya bidhaa ya kampuni, namba ya mtengenezaji hutolewa na PCI-SIG, chama kinachosimamia PCI, kwa wanachama wake. Na ukishaisambaza kisha ukabadili mpangilio wa rejista, pandisha angalau namba ya toleo, ili draiva ya zamani ipate pa kutofautisha.

Ukimaliza, endesha `lspci -nnk` ndani ya mashine pepe. Kama chini ya kadi yako hakuna mstari wa "Kernel driver in use", yaani hakuna draiva iliyoichukua, ndivyo inavyotakiwa. Sasa andika yako.