Mshono wa Chupa Husema Nini?

SWALI: Mhariri, katika jaa la zamani nimeokota chupa ya kijani yenye herufi zilizoinuka ubavuni, lakini haina mwaka. Nitajuaje umri wake? Ina ukungu mweupe usiotoka kwa sabuni, nami natamani kuchimba zaidi pale pale.

JIBU: Ziache herufi kwanza, uufuate kwa ukucha, kuanzia kitakoni, mshono, yaani mstari mwembamba ulioinuka ulioachwa na kalibu, chombo cha kuipa chupa umbo. Ukikomea shingoni, mdomo ulimaliziwa kwa mkono baada ya chupa kutolewa katika kalibu. Ukipanda hadi ukingoni mwa mdomo, basi hiyo, kwa chupa ya shingo nyembamba, ni kazi ya mashine, iliyoenea baada ya Michael Owens wa Marekani kufanikiwa na mashine yake mwaka 1903. Viwanda vingine viliendelea na mkono kwa miaka kadhaa, kwa hiyo mshono hukupa kipindi tu, haukupi mwaka. Kovu la mviringo lililokwaruza kitakoni, palipobanduliwa fimbo ya chuma ambayo mfua kioo aliishikia chupa, kwa kawaida hurudisha umri nyuma zaidi.

Sasa zisome herufi. Fundi alizichonga kinyumenyume ndani ya kalibu, ndiyo maana mara nyingine utakuta N au S iliyogeuka. Kosa la namna hiyo mimi hulipenda kuliko chupa isiyo na dosari. Kama shingo imebanwa na ndani mna gololi, hiyo ni ya mtindo wa Mwingereza Hiram Codd, aliyeupatia hataza (haki ya kisheria ya mvumbuzi) katika miaka ya 1870. Watoto walizivunja nyingi ili kuchukua gololi.

Ukungu huo huenda si uchafu. Jaribu siki, ambayo huyeyusha chokaa. Usipotoka, ni kioo chenyewe kilicholiwa na unyevu wa udongoni, na hakuna sabuni itakayokirudisha. Usitumie maji ya moto, kwani huweza kukipasua, wala usiguse asidi kali zinazosifiwa na baadhi ya wakusanyaji.

Kuhusu kuchimba, pata kwanza ruhusa ya mwenye ardhi, na mahali palipohifadhiwa kisheria usipaguse. Vaa glovu nene, uhakikishe chanjo yako ya pepopunda haijapitwa na wakati, na usichimbe mvungu chini ya ukuta wa shimo hata ukiona kitako cha chupa kimechungulia humo, kwa maana udongo wa jaa umelegea na huporomoka bila onyo. Anza kutoka juu, utoe udongo tabaka kwa tabaka, na ukikaribia kioo uweke koleo kando utumie mwiko mdogo. Ukimaliza, lifukie shimo.